Mizani ya Sauti: Maikrofoni na Amplifaya ya Kupimia Spika Zilizotengenezwa Kijijini

Mkulima wa kahawa katika Mkoa wa Kagera hahitaji kufundishwa maana ya kipimo. Anajua kwamba kazi ya msimu mzima, tangu kupalilia mibuni hadi kuanika kahawa ya maganda, huishia juu ya mizani, na kwamba mizani ikidanganya, jasho lote limepotea. Ndiyo maana mizani za biashara nchini hukaguliwa na Wakala wa Vipimo kwa kutumia mawe yaliyothibitishwa.

Tufikirie mizani tatu. Ya kwanza husoma sawasawa. Ya pili husoma nusu kilo pungufu kila mara, asubuhi na jioni, kwa mzigo mdogo na kwa mzigo mkubwa. Ya tatu leo huzidisha, kesho hupunguza. Ya kwanza ni njema kwa kila hali, na ya tatu haifai kitu. Je, ya pili? Sokoni hairuhusiwi, lakini katika maabara inafaa, mradi kosa lake limejulikana na kuandikwa: mpimaji husoma, kisha huongeza nusu kilo. Kwa hiyo chombo cha kupimia hutegemewa kwa sababu kosa lake linajulikana na halibadiliki, hata kama bei yake ni ndogo na sura yake haivutii.

Kanuni hiyo ndiyo itakayotuongoza katika makala haya. Tutaeleza jinsi mwalimu, mwanafunzi au fundi anavyoweza kuchagua maikrofoni na amplifaya ya awali kwa ajili ya kupima spika zilizotengenezwa nyumbani, na jinsi ya kuvitumia vyombo hivyo katika mazingira ya kijiji.

Kwanza tutenganishe majina. Katika mazungumzo ya kila siku neno "kipaza sauti" hutumika kwa chombo cha kusemea na pia kwa kile kinachotoa sauti. Hapa chombo cha kusemea tutakiita maikrofoni, na kinachotoa sauti tutakiita spika. Amplifaya ya awali ni ile ndogo inayokuza umeme hafifu wa maikrofoni kabla haujaingia katika kompyuta. Hiyo ni tofauti na amplifaya kubwa inayoendesha spika.

Kwa nini spika ipimwe?

Tuchukue mfano wa kata ya Izimbya, katika Wilaya ya Bukoba. Kama ilivyo katika kata nyingine nyingi za Tanzania, spika hutakiwa kwenye mkutano wa kijiji, ibadani, msibani, harusini na katika mahafali ya shule. Spika kubwa za dukani ni ghali. Kwa sababu hiyo mafundi wengi hununua koni na sumaku zake mjini, au huzitoa katika redio na televisheni zilizokufa, kisha seremala hutengeneza kasha la plaiwudi au la mbao za msizi. Hii ni kazi ya heshima, nayo imefanywa kwa njia moja tangu mwaka 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa Marekani walipoeleza spika ya koili na koni ambayo kimsingi ndiyo tunayoitumia hadi leo.

Shida huonekana siku ya kwanza ya matumizi. Sauti ni kubwa, besi inatikisa kifua, lakini watu wa nyuma hawaelewi kinachosemwa. Mtu anatangaza jambo la chanjo au tarehe ya mtihani, na wasikilizaji wanaulizana, "Amesemaje?" Fundi huongeza sauti, na maneno yanazidi kupotea.

Sababu yake ni ya kifizikia. Chukua maneno suka, shuka na fuka. Irabu zake ni zilezile, na tofauti yote iko katika konsonanti ya mwanzo. Konsonanti za s, sh na f ni mvumo wa hewa ambao sehemu yake kubwa iko juu ya hezi 2,000, yaani mitetemo 2,000 kwa sekunde, ilhali nguvu nyingi ya irabu iko chini ya hapo. Spika inayotoa kwa wingi masafa ya chini na kudidimiza masafa ya juu huacha irabu tupu. Kuongeza sauti hakurudishi konsonanti, kwa kuwa kila kitu kinaongezeka kwa pamoja na uwiano mbaya unabaki palepale. Zaidi ya hayo masikio yanaumia. Viwango vingi vya afya kazini huhesabu desibeli 85 kwa saa 8 kuwa mpaka wa tahadhari, na spika kubwa huupita mpaka huo kwa urahisi.

Je, sikio la fundi halitoshi? Sikio ni chombo cha ajabu, lakini huzoea. Baada ya dakika chache fundi huanza kuiona spika yake kuwa ya kawaida, na tena yeye anayajua maneno yanayosemwa kabla hayajasemwa. Grafu haizoei. Inaonyesha wazi kwamba katika hezi 3,000 spika imeshuka desibeli 12, na hapo fundi anajua mahali pa kurekebisha.

Lugha ya desibeli

Desibeli ni njia ya kulinganisha. Shinikizo la sauti likiongezeka mara mbili, kipimo hupanda desibeli 6. Likiongezeka mara kumi, hupanda desibeli 20. Shinikizo la paskali 1 ni sawa na desibeli 94, na hiyo ndiyo namba inayotumika zaidi katika kueleza unyetivu wa maikrofoni. Kibonge cha maikrofoni chenye unyetivu wa milivolti 6.3 kwa paskali hutoa milivolti 6.3 kikipelekewa sauti ya desibeli 94.

Katika kupima spika kuna maswali mawili tofauti. La kwanza ni: spika inatoa masafa yote kwa uwiano gani? La pili ni: sauti yake ni ya desibeli ngapi hasa? Swali la kwanza huhitaji maikrofoni ambayo mwitikio wake katika masafa mbalimbali unajulikana. La pili huhitaji pia unyetivu wake kamili. Kwa kurekebisha spika, swali la kwanza ndilo lenye uzito. Habari hiyo ni njema kwa shule, kwa kuwa swali la kwanza ni rahisi kulijibu.

Maikrofoni ipi inafaa?

Wengi hudhani kwamba maikrofoni nzuri ya mwimbaji itakuwa nzuri pia kwa kupimia. Dhana hiyo si sahihi. Maikrofoni ya mwimbaji imeumbwa ili ipendeze. Tazama SM58 ya Shure, ambayo imetumika majukwaani tangu mwaka 1966: masafa yake yaliyotangazwa ni hezi 50 hadi 15,000, na katika eneo la sauti ya mwanadamu imeinuliwa makusudi ili maneno yasikike wazi. Tena husikiliza zaidi mbele kuliko nyuma, na ukiisogeza karibu na chanzo cha sauti, besi huongezeka. Kwa mwimbaji hizo ni sifa. Kwa mpimaji ni mizani inayobadilika kila mzigo unaposogezwa.

Maikrofoni ya kupimia iwe na sifa tatu. Kwanza, isikilize pande zote kwa usawa. Maikrofoni ya namna hiyo huhisi shinikizo la hewa peke yake, na ukiisogeza karibu na spika besi haiongezwi kwa uongo. Pili, mwitikio wake uwe karibu na mstari ulionyooka, au mpindo wake ujulikane. Tatu, iwe ndogo.

Sifa ya tatu inahitaji maelezo. Kasi ya sauti katika hewa ya nyuzi 22 za Selsiasi ni takribani meta 344 kwa sekunde. Urefu wa wimbi hupatikana kwa kugawa kasi kwa masafa. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa meta 3.4, la hezi 10,000 lina sentimeta 3.4, na la hezi 20,000 lina sentimeta 1.7 tu. Maikrofoni ikiwa na upana unaokaribia urefu wa wimbi, huanza kulizuia na kulirudisha, na kipimo kinaharibika. Kibonge chenye kipenyo cha milimita 6 ni kidogo kuliko wimbi fupi kabisa tunalolisikia.

Hapo tunakutana na jambo la kufurahisha. Vibonge vya milimita 6 ndivyo vilivyomo katika simu za mezani, vinasa sauti na vifaa vya masikioni, na bei yake ni ndogo sana. Vinaitwa vibonge vya elektreti. Gerhard Sessler na James West walivivumbua katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1962. Ndani yake kuna kiwambo chembamba mno kilicho karibu na bamba, pamoja na chaji ya umeme iliyofungiwa ndani ya plastiki kwa kudumu. Kiwambo kinapotetemeka, volti hubadilika, na transista ndogo iliyo ndani hupeleka badiliko hilo nje. Kibonge kizuri cha namna hii huwa karibu na mstari ulionyooka kuanzia masafa ya chini hadi hezi elfu kadhaa, kisha huinuka au kushuka kidogo huko juu. Kosa lake ni dogo, halibadilikibadiliki, nalo linaweza kupimwa. Ni ile mizani yetu ya pili.

Kibonge kisifungwe ndani ya kasha pana, kwa sababu uso wa kasha hurudisha mawimbi. Kiwekwe kwenye ncha ya bomba jembamba lenye urefu wa sentimeta 20 hadi 30, kwa mfano kipande cha bomba la antena ya televisheni, uso wake ukiwa sawa na mdomo wa bomba. Nyaya zipite ndani, nazo ziwe zimekingwa kwa waya wa ardhi ili zisinase mvumo wa umeme wa hezi 50.

Amplifaya ya awali: hesabu kabla ya kununua

Katika kuchagua amplifaya ya awali watu hutafuta ile iliyo tulivu kuliko zote. Hebu tuone kama utulivu huo unahitajika.

Tuseme kibonge chetu kina unyetivu wa milivolti 6.3 kwa paskali, na uwiano wa sauti na mvumo wa desibeli 60. Maana yake mvumo wa kibonge chenyewe uko desibeli 60 chini ya milivolti 6.3, yaani mikrovolti 6.3. Sasa tutumie chipu ya kawaida, TL072, inayopatikana katika redio na mikisa nyingi. Mvumo wake katika upana wa hezi 20,000 ni takribani mikrovolti 2.5. Mivumo miwili isiyohusiana hujumlishwa kwa kanuni ya Pithagorasi: mraba wa 6.3 ukijumlishwa na mraba wa 2.5 hutoa takribani 46, na kipeuo chake ni 6.8. Mvumo umepanda kutoka mikrovolti 6.3 hadi 6.8, sawa na desibeli 0.6 tu. Chipu iliyo tulivu zaidi isingeleta faida inayoonekana, kwa kuwa mvumo unatoka katika kibonge.

Tena, mvumo wa mikrovolti 6.3 unalingana na sauti ya desibeli 34. Spika tunayoipima hutoa desibeli 85 hadi 94 kwenye umbali wa meta moja. Upepo katika majani ya migomba, vyura wa usiku na mvua juu ya bati vitatusumbua mapema zaidi kuliko chipu.

Hatari kubwa iko upande wa pili, yaani kuzidiwa. Tuseme amplifaya ya awali inakuza mara 40 na inaendeshwa na betri ya volti 9. Sauti ya desibeli 94 itatoa milivolti 6.3 mara 40, yaani volti 0.25, na hiyo ni sawa. Sauti ya desibeli 104 itatoa volti 0.8. Ikifika desibeli 114 ingepasa itoe volti 2.5, lakini betri ya volti 9 huiruhusu chipu hiyo kutoa takribani volti 2 tu. Vilele vya mawimbi hukatwa, na mpimaji huidhania spika kuwa mbovu kumbe kilichozidiwa ni chombo chake.

Kwa hiyo amplifaya ya awali ya kupimia iwe na ngazi mbili zinazojulikana, kwa mfano mara 4 na mara 40, zinazochaguliwa kwa swichi. Kitufe cha kuzungusha hakifai, kwa sababu hakuna awezaye kukirudisha mahali palepale kesho. Katika sakiti ya kawaida ya chipu, rezista ya kiloomu 39 na ya kiloomu 1 hukuza mara 40, na rezista ya kiloomu 3 na ya kiloomu 1 hukuza mara 4. Kibonge hupewa umeme kupitia rezista ya kiloomu 2.2, na kapasita za kupitishia sauti ziwe kubwa kiasi cha kutokata masafa yaliyo juu ya hezi 5. Betri inafaa kuliko umeme wa ukutani, kwa kuwa haina mvumo wa hezi 50 wala wa hezi 100.

Simu, kompyuta na vyombo vya dukani

Siku hizi grafu huchorwa na kompyuta. Programu ya Room EQ Wizard, kwa mfano, hupatikana bila malipo. Hutuma kwenye spika mlio unaopanda kutoka masafa ya chini hadi ya juu, kisha hukokotoa mwitikio. Angelo Farina wa Italia aliieleza njia hiyo mwaka 2000, na mojawapo ya sifa zake ni kwamba hutenganisha sauti halisi ya spika na upotoshaji wake.

Simu ya mkononi ina maikrofoni ndogo isiyobagua pande, lakini mara nyingi ina programu ya ndani inayoinua sauti hafifu, kushusha sauti kubwa na kukata besi. Huo ni mkono unaogusa mizani wakati wa kupima. Kuna njia rahisi ya kuugundua: cheza mlio mmoja, punguza nguvu yake kwa desibeli 10, na uone kama kipimo nacho kimeshuka desibeli 10. Kikishuka desibeli 4 au 5 tu, chombo hicho kisitumike mpaka utaratibu huo uzimwe. Kadi ndogo za sauti za USB nazo zifanyiwe jaribio hilohilo.

Shule yenye fedha inaweza kununua maikrofoni ya kupimia iliyo tayari. Ziko za aina mbili. Aina ya kwanza huunganishwa moja kwa moja kwa USB, kama UMIK-1 ya miniDSP, na amplifaya yake ya awali imo ndani. Kila moja ina namba yake na faili lake la marekebisho, yaani orodha ya makosa yake katika kila masafa. Aina ya pili, kama ECM8000 ya Behringer, hutumia waya wa maikrofoni wa kawaida na huhitaji kadi ya sauti ya nje yenye kutoa volti 48.

Aina ya USB ni rahisi zaidi na inatosha kwa kurekebisha uwiano wa masafa. Aina ya pili ina faida moja ya maana: kadi yenye matundu mawili ya kuingizia huwezesha tundu moja kupokea maikrofoni na la pili kupokea mlio wa kadi yenyewe bila kupita hewani. Kwa kulinganisha hayo mawili, kompyuta hujua kwa usahihi sauti ya koni kubwa na ya koni ndogo zimechelewa kiasi gani. Anayetengeneza spika ya koni mbili na kichujio cha kugawa masafa anahitaji habari hiyo. Waya wa tundu la pili utoke kwenye kadi ya sauti. Usitoke kwenye amplifaya kubwa, kwa maana volti zake zinaweza kuiunguza kadi.

Kuijua mizani yako

Tumesema kosa la kibonge linaweza kupimwa. Kazi ya kulinganisha chombo na kingine kilichothibitishwa huitwa ugezi. Kwa maikrofoni hufanywa kwa kubadilishana nafasi. Weka spika yoyote iliyo thabiti. Ipime kwa maikrofoni yenye faili la marekebisho, na weka alama mahali ncha yake ilipokuwa. Iondoe, weka maikrofoni ya kibonge mahali palepale, na upime tena bila kugusa kitu kingine. Tofauti ya grafu hizo mbili ni kosa la kibonge pamoja na amplifaya yake ya awali. Liandike, lipe tarehe, na lifunge pamoja na chombo. Kazi hiyo ifanywe kwa amplifaya ya awali ileile itakayotumika daima.

Tazama maana yake kwa wilaya nzima. Si lazima kila shule inunue maikrofoni yenye faili. Inatosha iwepo moja, itunzwe kwa uangalifu, na kila shule ilete kibonge chake kulinganishwa mara moja kwa mwaka. Hivyo ndivyo mawe ya mizani yanavyofanya kazi: seti chache zilizothibitishwa hukagua mizani nyingi.

Kuna jambo moja la kijiografia. Uso wa Ziwa Viktoria uko takribani meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nchi ya Bukoba iko juu zaidi ya hapo. Shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 87 ya lile la pwani. Kasi ya sauti haibadiliki kwa sababu ya shinikizo, bali hufuata joto. Lakini kifaa cha ugezi kiitwacho pistonfoni, ambacho husukuma hewa kwa pistoni ndogo ili kutoa sauti ya desibeli zinazojulikana, hutoa hapa desibeli 1.2 pungufu kuliko Dar es Salaam. Spika nayo, kwa kuwa hewa ni nyepesi, hutoa sauti pungufu kwa takribani desibeli moja ikipewa umeme uleule. Mtu asiyejua hayo atatafuta kosa lisilokuwepo. Uwiano wa masafa, hata hivyo, karibu haubadiliki.

Rweya kama maabara

Vyumba hudanganya vipimo, kwa sababu sauti hurudi kutoka ukutani, sakafuni na darini. Maabara kubwa za nje hujenga vyumba visivyo na mwangwi kwa gharama nyingi. Wahaya wana kitu cha kuvishinda: rweya, yaani uwanda wa majani ulio wazi kati ya vibanja. Hakuna kuta wala dari, na ardhi peke yake ndiyo inayorudisha sauti.

Weka spika juu ya jukwaa, koni ikiwa meta 2 kutoka ardhini, na maikrofoni meta 1 mbele yake kwa kimo hichohicho. Sauti ya moja kwa moja husafiri meta 1. Ile inayogonga ardhi husafiri meta 4.12, kwa kanuni ya Pithagorasi. Tofauti ya meta 3.12 ni sawa na milisekunde 9. Programu huamriwa ikate kila kinachofika baada ya milisekunde hizo 9, na mwangwi wa ardhi hutoweka. Gharama yake ni kwamba mitetemo inayochukua muda mrefu kuliko huo haiwezi kusomwa, na kwa hiyo grafu ni ya kuaminika kuanzia takribani hezi 110 kwenda juu. Ndani ya darasa lenye kimo cha meta 3 muda huo ungepungua hadi milisekunde 6, na mpaka ungepanda hadi hezi 160.

Kwa masafa ya chini ya hapo iko njia aliyoieleza D. B. Keele mwaka 1974. Maikrofoni husogezwa karibu kabisa na katikati ya koni, kwa umbali usiozidi sentimeta 1 ikiwa koni ina kipenyo cha sentimeta 20. Karibu hivyo sauti ya koni huizidi mno miangwi yote. Kwa koni ya ukubwa huo njia hii hufaa hadi kama hezi 500. Hapo ndipo ngazi ya mara 4 inapohitajika, kwa maana sauti karibu na koni ni kubwa sana. Grafu hizo mbili huunganishwa katika masafa ambayo zote ni sahihi, kwa mfano kwenye hezi 200 au 300.

Wakati mzuri wa kazi ni asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka.

Jaribio la wanafunzi

Jaribio lifuatalo hukagua maikrofoni, amplifaya ya awali na uwanja kwa pamoja. Chukua spika ndogo na mlio wa hezi 1,000. Katika uwanda ulio wazi, pima kwa umbali wa sentimeta 50, kisha meta 1, kila mara mara tatu. Umbali ukiongezeka mara mbili, kipimo kinapaswa kushuka desibeli 6. Kikishuka desibeli 3 tu, kuna moja kati ya mambo mawili: chombo kinainua sauti hafifu chenyewe, au mwangwi unaingia. Rudia kwa vimo tofauti vya jukwaa ili kutambua ni lipi. Kisha linganisha vipimo vitatu vya kila mahali: vikitofautiana kwa desibeli 1, hakuna haki ya kudai kwamba spika mbili zinazotofautiana kwa nusu desibeli si sawa.

Tahadhari moja itolewe. Maikrofoni ya kujitengenezea hufaa kurekebisha spika na kufundishia, lakini haiwezi kuwa ushahidi katika mgogoro wa kelele. Kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo zina wasimamizi wake na vyombo vyake.

Fundi akishapata grafu, ataona mambo ambayo hakuyatarajia. Huenda koni ndogo imefungwa na nyaya zilizogeuzwa, na mahali koni mbili zinapokutana pamezama. Huenda kasha linalia kwenye hezi 200 kwa kukosa kiungo cha mbao ndani. Huenda kitambaa cha mbele kinameza masafa ya juu. Makosa hayo hurekebishwa kwa bisibisi, kipande cha ubao na uvumilivu, bila kununua spika mpya. Baada ya kila rekebisho hupima tena, akaona kama kazi imesogea mbele au imerudi nyuma. Mwishowe mtangazaji akisema "shukeni kwenye gari", aliye mstari wa nyuma asikie shukeni.